Tangu Nilipoanguka Mlangoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla kaka Tluway hajaendelea kusoma. Hali yako? Baridi ya huko Gendabi imepungua? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado mnamsubiri? Huku Dar es Salaam joto ni lile lile, na sisi tupo. Ningepiga simu, lakini tukisikiana sauti tutalia wote wawili na hakuna litakalosemwa.

Kaka aliniambia umesikia kwamba nilianguka. Acha nikueleze mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimetoka hospitali, kwenye mashine ya kusafisha damu. Unajua naenda mara tatu kwa wiki, miaka mingi sasa, tangu figo zangu zilipokufa. Nikitoka huko huwa nimelegea kama nguo iliyokamuliwa. Nikalala. Baba Neema alipopiga hodi, niliinuka haraka kumfungulia, kizunguzungu kikanishika, nikajikuta chini mlangoni. Mkono ukavunjika, Mama, kwa kuanguka tu kama anavyoanguka mtoto akicheza.

Daktari alisema ugonjwa huu ukikaa sana mwilini unakula mifupa na nyama za miguu. Niliogopa. Kulikuwa na bibi mmoja wa Singida, mcheshi kweli, mashine zetu zilikuwa jirani. Alianguka bafuni akavunjika nyonga. Hakuinuka tena. Kitandani kwake sasa analala mtu mwingine.

Nikaacha kutembea. Nilikaa kitandani nikiwaza nyumbani. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda Basotu kuokota masuke ya ngano baada ya mavuno, enzi yale mashamba bado ni ya serikali? Ulirudi na gunia kichwani, mimi nakimbia nyuma yako mikono mitupu na bado sikufikii. Tukifika kijitoni tunalala kifudifudi, tunakunywa mpaka tumbo linalia. Siku hizi maji yangu ya kutwa ni chupa ndogo tu, maana mwili hauwezi kuyatoa. Kiu ikinizidi nafumba macho, nakinywa kile kijito chote.

Nesi mmoja ndiye aliyenigombeza.

"Mama Neema, kulala huku ndiko kutakakokuangusha tena."

"Nachoka, mwanangu."

"Najua unachoka. Siku ya mashine pumzika. Siku nyingine inuka kwenye kiti bila kushika kitu, ukae, uinuke tena."

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Mara ya kwanza nilishindwa kabisa. Baba Neema akanivuta kwa ule mkono mzima, nikalia kwa aibu. Mimi niliyepanda hadi shamba la juu na Neema mgongoni na jembe begani! Lakini sikuacha, na sasa nainuka mwenyewe. Mkono umeunga. Jana nilitembea hadi dukani na kurudi, polepole, nikisimama kila penye kivuli.

Umemwambia kaka anilete nyumbani moja kwa moja, ukanitunze. Neno hilo nimelipokea kwa machozi. Hakuna siku nisiyouona mlima wetu ukiwa na wingu lake asubuhi. Lakini Mama, huko kijijini hakuna mashine, na bila mashine wiki haiishi nikiwa hai. Sikukatai. Nataka kuishi, ndiyo maana siji.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi yangu wa Hirbadaw mkionana. Umsalimie pia Mzee Gidamis, jirani yetu mfugaji aliyekuwa akitupa maziwa wakati wa kiangazi. Mwambie daktari amenipunguzia maziwa, ila ladha ya yale ya kwake hajaweza kuniondolea.

Sasa nakuomba jambo moja. Njoo wewe. Usiseme umezeeka. Kaka anasema hadi leo unateremka na mzigo wa kuni, na mimi mwanao siku ya mashine nashika ukuta nikienda chooni. Kati yetu wawili, Mama, mwenye miguu ya safari ni wewe. Baba Neema atakupokea stendi.

Binti yako anayekungoja,
Elizabeti