"Died" Imepita, "Dead" Ipo

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikatulia kama mjinga, nikisubiri marahaba yako.

Unakumbuka msiba wa babu kule Mzenga? Nilikuwa kidato cha kwanza, nikaandika kuomba ruhusa shuleni: "My grandfather is died." Watu wanalia uani, wewe ukaangua kicheko hadi shangazi akakushika mkono. Ukanivuta pembeni, macho bado mekundu.

"Mwanangu, died ni tukio. Limetokea, limepita. Dead ni hali, ndivyo babu yako alivyo sasa. Hakuna is died! Utaniaibisha mimi, mwalimu mzima."

Sikukuaibisha. Siku hizi nafundisha Kiingereza Misugusugu, ila somo hilo nimelikwepa tangu tulipokuzika. Hapa nyumbani Tangini, baba, mama bado hajakuhamishia kwenye wakati uliopita. "Baba yako hapendi chumvi nyingi," ananiambia, na kila siku anakutengea maji ya kutawadha barazani. Magharibi ikiingia, nasikia birika likigusa sakafu, na barazani hakuna mtu. Simwambii mama, naye haniambii. Naogopa, na siku nisipolisikia nitaogopa zaidi.

Jana somo likanifikia lenyewe. Rehema, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mkali wa maswali, aliandika ubaoni: "The goat is died." Darasa likacheka. Nikageuka mlangoni. Wallahi, nilikusikia ukikohoa.

"Mwalimu," Rehema akasema, "kwani yote si amekufa tu? Tofauti iko wapi?"

Kwetu kweli "amekufa" ni moja, inabeba yote, tukio na hali. Nilitaka kuendelea na yule mbuzi, lakini nikamfuta ubaoni. Nikachukua chaki, nikaandika: "My father died at home." Hilo nililiona kwa macho yangu, nilikuwa nimekushika kichwa. Chini yake nikaandika "My father is", nikaacha nafasi.

Wakajibu wote kwa pamoja, kwa furaha, maana walikuwa wameelewa.

"Sahihi kabisa," nikasema. Wakajipigia makofi, baba. Darasa zima.

Nimekukumbuka mno. Pumzika sasa, na ukiweza, tuachie nyumba. Leo lazima nimwambie mama kwamba umekufa, na nitamwambia kwa Kiswahili. Hapo ndipo sina mwalimu.

Ni mimi,
binti yako