Nilishukia Pugu

Jumatatu, tarehe 8 Juni. Kaisho.

Nimegeuza kahawa kwenye mikeka. Ng'ombe wamekunywa. Mchana nimekula ndizi za jana, baridi, maana mke wangu Paskazia hayupo na moto nikiuwasha mimi unatoa moshi tu.

Deo mwanangu kapiga simu kutoka Dar. Uvimbe wa shingoni wa mama yake utapasuliwa Alhamisi asubuhi. Sasa mwenyewe anakataa. Kasema haingii kwenye chumba cha kisu mpaka anione kwa macho yake. Daktari kasema akiikosa Alhamisi atasubiri sana, na uvimbe umeanza kumbana pumzi. Wako hotelini, jirani na hospitali. Wananingoja mimi.

Mwanamke mkaidi. Sijui kajifunza kwa nani.

Nitakwenda. Basi mpaka Dodoma, halafu treni ya umeme. Kaisho nzima hakuna mzee aliyeipanda. Ta Rwegasira wa jirani kasema nichukue mjukuu wa kunisindikiza. Nimemwambia mimi nilikwenda Mutukula kwa miguu yeye bado ananyonya.

Nimefunga akamwani kwenye jani la mgomba. Kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa ikakaushwa. Za Paskazia, na nyingine za njiani. Kwetu mgeni anatiwa kahawa kiganjani kabla ya maneno mengi. Aliyetafuna kahawa yako hawezi kukugeuka. Akikugeuka atavimba tumbo. Hilo halina ubishi.

Naogopa. Hapa naweza kuandika.

Jumanne, tarehe 9.

Basi tangu alfajiri. Magoti yamekufa. Niliyekaa naye ni mtu wa Muleba, muuza dagaa. Nilimpa kahawa, akatafuna, nikalala usingizi bila kushika mfuko wangu. Ndiyo faida yake.

Niko gesti, Dodoma. Simu iko ukutani inachaji. Nikifumba macho namuona Paskazia ananiita na sauti haitoki.

Jumatano, tarehe 10. Mchana. Pugu.

Nimepotea. Naandika nimekalia mfuko.

Treni inakimbia kama mtu aliyeiba. Simu nimeisahau gesti, pale pale ukutani. Nimekumbuka tumeshaondoka. Namba ya Deo imo humo, kichwani haimo. Sikujali. Deo alisema atanipokea stesheni ya mwisho.

Halafu nikaona mabati mengi, nyumba hazina migomba hata mmoja, watu wanasimama kushuka. Nikasema huu ndio mji. Binti aliyekaa mbele yangu akasema, "Babu, bado. Hapa ni Pugu, mjini ni mbele." Nikamwambia mimi sifundishwi njia na mtoto. Nikashuka. Treni ikaondoka. Yule binti akanipungia mkono dirishani. Nilijisikia vibaya sana.

Ninachojua ni jina tu. Pumzika Hoteli, Kariakoo. Deo atanikosa kule. Paskazia ataambiwa sikuja. Asubuhi atakataa kisu. Ni mtu wa kukataa kweli, namjua.

Nitachukua bajaji. Lakini kwanza dereva atafune.

Jumatano, jioni.

Nusura niuawe leo. Naandika yote.

Pale nje zilikuwa bajaji nyingi na vijana wanapiga kelele. Nikamchagua mmoja mwenye kofia. Jina lake Shabani. "Shikamoo babu, wapi tunakwenda?" Nikaitikia marahaba, nikafungua jani, nikamnyooshea kahawa. Nikamwambia, "Tafuna kwanza, ndipo nipande."

Akarudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. "Babu, mimi sili vitu vya mtu nisiyemjua."

Nikasema moyoni, huyu mwizi. Mtu mwema anakataaje kahawa? Nikaenda kwa wa pili. Akakataa. Wa tatu akakataa, akawaita wenzake. Nikaona wote wezi, stesheni nzima.

Ndipo mama mmoja muuza karanga akapaza sauti. "Msimkaribie huyo mzee! Anawalisha watu dawa! Ndivyo walivyomfanya shemeji yangu, kala biskuti ya mtu, kaamkia Chalinze hana hata viatu!"

Watu wakajaa. Mimi! Mimi ninayekaa kiti cha mbele kanisani. Mmoja akanyakua mfuko. Mwingine akasema wazee ndio wabaya, wanatumwa kwa sababu hawashukiwi. Mwingine kashika jiwe. Nililiona. Nilikuwa na maneno mengi lakini yote yalikuja kwa Kinyambo, na nikizidi kusema wakazidi kuamini naloga.

Sijapata kuogopa hivyo. Fisi nimemfukuza kwa fimbo. Lakini fisi ni mmoja.

Nikachota kahawa ngumi nzima nikaitia kinywani mwangu. Nikatafuna. Mashavu yakajaa, mate meusi yanashuka kwenye ndevu. Wakanitazama wakingoja nianguke. Sikuanguka. Nikatafuna tu, machozi yananitoka, si kwa uchungu wa kahawa.

Yule wa jiwe akacheka. "Babu ng'ombe huyu, anacheua!" Wengine wakacheka. Yule mama wa karanga akanipa maji ya kusukutua, lakini jicho lake bado kali. Mfuko ukarudi.

Nikamwambia Shabani habari yangu yote. Mke, shingo, Alhamisi. Akanitazama. "Panda, babu. Kahawa yako sili. Lakini nitakufikisha."

Hapo ndipo hofu ilipokuwa yenyewe. Kupanda na mtu ambaye hajatafuna. Hana kifungo chochote na mimi. Nilisimama mpaka akaguna. Nikapanda kwa ajili ya Paskazia, si kwa kumwamini.

Njia nzima nimeshika chuma kwa mkono mmoja, rozari mkono wa pili. Aliacha lami akapita vichochoroni, nikajua ndipo ananiulia. Akasema anakwepa foleni. Malori yanatupita karibu mpaka nasikia joto lake. Kila akisimama namuuliza, "Hapa?" "Bado, babu." Mara hii nilitii. Kariakoo aliuliza njia kwa watu, mimi nimekaa nyuma kama mzigo.

Kisha akasema, "Hiyo hapo."

Paskazia alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, khanga imefunika shingo. Hakusimama. "Kahawa ya nyumbani umemwachia nani? Na ndevu zina nini?" Sauti yake imekuwa nyembamba kama uzi. Nilitaka kumjibu vikali. Nikalia.

Alichukua jani langu, akamtilia Shabani kahawa kiganjani. Yule kijana akatafuna palepale! Akakunja uso. "Chungu, mama." Kwangu alikataa, kwake akakubali.

Deo alifika baadaye, ameloa jasho, kanitafuta stesheni nzima. Hakunigombeza. Afadhali angegomba.

Alhamisi, tarehe 11.

Paskazia kaingia chumba cha kisu asubuhi. Hakuruhusiwa kula chochote, hata punje moja ya kahawa. Akasema, "Nishikie yangu."

Nimekaa kwenye benchi. Kuna mtu pembeni yangu, mkewe naye yumo ndani. Jani nimeliacha limefungwa. Sikumpa.

Baada ya muda akauliza, "Mzee, nini umeshika?" Nikamwambia kahawa, ya mke wangu. Akasema sawa. Tukakaa.

Wamemtoa mchana. Shingo imefungwa bandeji, macho mazito. Anapumua. Haruhusiwi kusema wala kumeza. Kanitazama, akafungua kiganja.

Nikaiweka punje. Akakunja vidole.