Merci ya Mezani

Hillbrow, Johannesburg, Septemba 2003

Mwanangu Violeth,

Mama yako amepata kazi ya kusuka saluni, anakusalimu sana.

Juzi ulilia kwenye simu kutoka Ufaransa: wenyeji wako hawakupendi, wanakupita na bakuli la chakula ingawa unashukuru vizuri, na unataka kurudi. Nilikata simu kwa aibu. Mimi ndiye niliyekuambia, "Kila kitu jibu merci, yaani asante," nikijifanya najua Kifaransa.

Jirani yetu Placide, yule fundi cherehani Mkongo, amenicheka: "Eish, Papa Violeth! Kwa Wafaransa, ukikaribishwa chakula ukajibu merci tu, umekataa!"

Kumbe nimekushindisha njaa. Nisamehe, mama. Wale hawakuchukii, wanadhani umeshiba. Usirudi. Wakikukaribisha, sema oui, yaani ndiyo. Wakikuuliza kama uongezewe, oui tena.

Baba yako, mwalimu wa uongo,
Gaudensi