Sentensi Niliyokuandikia Kuhusu Vyuo Binafsi

Mpendwa Mwanaidi, jirani yangu wa kitanda cha juu,

Hii ni wiki ya tatu godoro lako limekunjwa na kufungwa kamba. Nikilala chali naziona mbao tupu, na kwenye ubao mmoja jina lako ulilolichora kwa msumari tulipokuwa kidato cha tano.

Naanza na jambo unalolijua wewe na wengine karibu wote hapa shuleni hawalijui. Maneno yaliyosababisha ung'olewe meno niliyaandika mimi.

Kesho Ijumaa bodi ya shule inakaa kuamua kama wewe na Kabula mfukuzwe kwa vurugu za mdahalo. Ukifukuzwa sasa hutafanya mtihani wa kidato cha sita, na bila mtihani hakuna chuo, kiwe cha serikali au binafsi. Ndiyo maana barua hii nimeiacha wazi. Kila mtu hapa Kibaha anayekusema vibaya ana haki ya kuisoma kabla yako.

Unakumbuka Jumapili zile kwenye karo la kufulia? Wewe ulikuwa unasugua kola za mashati yetu sote wawili, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na daftari magotini. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa wa vyuo tutakavyoomba, kushoto faida, kulia hasara. Ulikitaka chuo binafsi tangu siku ya kwanza. Ulisema kule Kisarawe mlikuwa wengi darasani mpaka mwalimu wa biashara alikuita "wewe wa dirishani" miaka minne mizima, na siku ya mahafali akakuuliza umehamia lini. Ulitaka mahali ambapo ukikosa kipindi kimoja kuna mtu atauliza uko wapi. Ulitaka kusoma sheria, si kozi utakayopangiwa kwa sababu nafasi za sheria zimejaa. Mimi nilitaka cha serikali kwa ajili ya maktaba kubwa, na kwa ajili ya cheti ambacho hakuna mwajiri atakayekitilia shaka.

"Wewe unataka kuolewa na maktaba," ulisema.

Nilipokuambia kwamba binamu yangu yuko chuo cha serikali na siku nyingine anamsikiliza mhadhiri akiwa amesimama nje ya ukumbi, ulicheka mpaka sabuni ikakuingia jichoni. Ukaniagiza niandike upande wa hasara kwamba Zawadi naye atakuwa wa dirishani. Niliandika. Ukurasa ule bado ninao.

Kisha ikaja mada ya mdahalo, kwamba ni afadhali kusoma chuo kikuu binafsi kuliko cha serikali. Pande zilipangwa kwa kura na wewe ukaokota karatasi ya kupinga. Ulirudi bwenini umenuna, ukaniuliza utapingaje kitu unachokitaka. Nikakuambia usijali, nitakuandikia. Ndivyo tulivyofanya miaka miwili, mimi naandika na wewe unasema. Mimi nikisimama mbele ya watu sauti inakatika, na wewe hukuwahi kunicheka kwa hilo.

Hoja tatu za kwanza zilikuwa za kawaida. Ya nne ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu hukujua ilikotoka.

Kabula wa mchepuo wa sayansi alikuwa akija maktaba siku ambazo zamu ya kugundisha vitabu vilivyochanika ni yangu. Nyumbani kwao ni kijijini Janga. Wazazi wake walihamia huko na mifugo kutoka kaskazini. Siku moja, mikono yetu imejaa gundi, alinisimulia kwamba dada yake mkubwa alipopata nafasi chuo kikuu binafsi, mama alitaka ng'ombe wauzwe na baba akakataa. Mama akaenda mwenyewe zizini kufungua mlango. Baba alimpiga mkononi kwa mpini wa jembe. Kabula alikuwa ameshika ndama, na aliusikia mfupa ukilia kama muwa unapovunjwa kwenye goti. Mama akaanguka, akainuka, akafungua mlango kwa mkono mwingine. Kabula aliniomba nisimwambie mtu. Nilitikisa kichwa kwamba sitamwambia.

Wiki mbili baadaye nikakuandikia hivi: "Wako akina mama waliovunjwa mikono kwa ajili ya chuo binafsi, na binti akarudi na cheti ambacho mwajiri anakigeuza huku na huku akitafuta muhuri."

Sikumchukia Kabula. Niliipenda sentensi. Niliisoma mara nyingi kwa kunong'ona nikaona imekaa vizuri, na kwa kuwa sikuweka jina nikajidanganya kwamba ndani yake hamna mtu.

Jumamosi ile ukumbi ulikuwa na joto. Ulisimama na sweta lako, ukasema hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu, upande wetu wanagonga madawati. Ulipofika kwenye muhuri watu walicheka. Hata walimu wawili walicheka. Nilikuwa nimekaa nyuma yako na nilifurahi, Mwanaidi. Sitaki kuficha hilo.

Kabula hakukimbia. Alitembea katikati ya madawati kama mtu anayekwenda kuchukua chaki, akaichukua mezani kengele ya mtunza muda, ile ya chuma yenye mpini wa mbao, akakupiga nayo mdomoni. Kengele ililia. Wale wa nyuma walidhani muda wako umekwisha na wengine wakapiga makofi. Akakupiga tena chini ya sikio, na kengele ikalia tena, na hapo ndipo msichana mmoja akapiga ukelele kwa sababu aliiona damu ikishuka kwenye kola nyeupe.

Baada ya hapo sijui nani alianza. Wenzetu wa sanaa waliwarukia wale wa sayansi, sayansi wakainua viti. Nilimwona kiranja wa chakula, ambaye huwa anatugawia maharage kwa upole, amemkalia mwenzake kifuani anampigiza kichwa sakafuni. Mwingine aling'atwa mkono na hakuachiwa mpaka alipomkaba aliyemng'ata. Dirisha lilivunjwa kwa stuli, na kuna aliyekanyaga vioo pekupeku akaendelea kupiga, akiacha nyayo nyekundu. Matroni aliingia na fimbo akimchapa yeyote aliye karibu, aliyepiga na aliyepigwa.

Mimi nilikuwa chini ya meza. Ulianguka hatua moja kutoka nilipo, uso umenielekea, na jino lako moja lilikuwa juu ya karatasi. Nilinyoosha mkono. Nikaivuta karatasi, si wewe. Ilikuwa na mwandiko wangu. Niliichana chooni nikaitumbukiza, na damu yako ilibaki kwenye kucha zangu hadi jioni kwa sababu maji yalikatika.

Ofisini walikuuliza nani alikupa habari za nyumbani kwa mwenzako. Ulikuwa na pamba mdomoni. Ulisema maneno ni yako. Walikuuliza mara tatu na mara tatu ukasema hivyohivyo, na mimi nikiwa mlangoni nimeshika sweta lako.

Kisha akaja baba yako kutoka Kisarawe. Aliwaamkia walimu wote, hata yule kijana aliyeajiriwa mwaka huu. Akasikiliza, akaomba radhi, akatoka nawe. Mlipofika kwenye mlingoti wa bendera alikupiga kofi upande uleule uliovimba. Ulipiga magoti, akakuinua kwa kola akakupiga tena. Madirisha ya maktaba yalikuwa wazi nami nilisikia kila neno.

"Nimekuleta hapa kusoma," alisema. "Sikukuleta kuwatukana mama wa wenzio."

Tusi lilikuwa langu, kofi likaja kwako.

Jumamosi iliyopita niliomba ruhusa nikaja kwenu. Mama yako aliitikia shikamoo yangu, akanipa maji, akanionyesha nyuma ya nyumba. Ulikuwa unamenya muhogo. Hukuinuka.

"Umeleta maandazi au umeleta maneno?" uliniuliza, kanga umeiziba mdomoni.

Nilisema nimekuja kukuona. Ukasema nimeshakuona, na ukaishusha kanga ili nikuone sawasawa. Halafu ukaniuliza swali moja tu, kama nilijua ni mama yake Kabula. Niliitikia kwa kichwa kwamba nilijua. Kisu chako kiliendelea na ganda. Nikaanza kusema kwamba nitaiandikia bodi, niwaeleze wewe ni mwanafunzi wa namna gani. Ulikichoma kisu kwenye muhogo mpaka kikatokea upande wa pili, karibu na kidole chako.

"Usiniandikie kitu tena, Zawadi. Kama una la kusema, kalisemee palepale ukumbini, kwa mdomo wako."

Njia nzima kutoka Kisarawe mpaka niliposhuka kituo cha Kwa Mathias nilitafuta sababu za kukukatalia. Zipo nyingi na nzuri. Mimi ni msomaji, ningeweza kuzipanga kushoto na kulia.

Leo asubuhi Kabula amerudi na mama yake kwa ajili ya kikao cha kesho. Walikuwa wamekaa barazani kwa mkuu wa shule. Nilisema shikamoo. Mama alisema marahaba mwanangu, akanipa mkono, na mkono ule haunyooki, umepinda pale juu ya kifundo kama tawi lililojiunga vibaya. Akaniuliza kama mimi ndiye yule wa vitabu, maana Kabula humsimulia habari zangu. Niliwaambia wote wawili palepale nilivyosimama. Nilisema Mwanaidi hakujua lolote, nilijua mimi, niliandika mimi.

"Nilikuambia wewe peke yako," Kabula alisema.

Akanipiga ngumi. Nilianguka kwenye ngazi, akanifuata chini, akanipiga tena na tena, na sikuinua mikono. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile sikutaka kuwa chini ya meza. Mama yake ndiye aliyemvuta, kwa ule mkono uliopinda, akisema basi, yatosha, huyu naye ni mtoto wa mwenzangu. Kabula alikaa chini akalia kwa kelele kama mtoto mdogo.

Yule mama alinifuta damu kwa ncha ya kitenge chake. Alisema binti yake mkubwa anapima maji kiwandani Zegereni, na kwamba hakuna aliyekigeuza cheti chake.

"Huu mkono mwanangu haukuvunjika bure," aliniambia. "Na hilo liandike."

Nimeliandika. Nimerudi pia kwenye ule ukurasa wetu wa karo la kufulia nikausoma wote. Tuliandika ada, tukaandika mkopo, mahali, majina ya vyuo, nani anaajiriwa na nani hapati kazi. Si uongo, na bado sijui mimi mwenyewe nitaomba wapi. Ila hakuna mahali tulipoandika nani anapigwa ili mtu aende.

Barua hii, mpaka hapo juu, nimempelekea mkuu wa shule mchana, mdomo umevimba. Ameisoma akiwa amesimama. Amesema kesho bodi itaanza na mimi, na kwamba huenda nikafukuzwa mimi. Nimesema najua. Amesema pia kwamba kesi yako haiwezi kubaki ilivyokuwa. Akaniuliza kama nataka aisome yeye mbele ya shule, kwa kuwa anavyonifahamu sitaweza. Nimemjibu kwamba nitasoma mwenyewe, ukumbini, asubuhi kabla bodi haijakaa. Kabula na mama yake wamesema watakuwepo.

Sikuombi unisamehe, Mwanaidi, na usinijibu kwa huruma. Meno hayarudi. Msalimie mama, na baba mwambie, au nitakuja kumwambia mimi, kwamba hukumtukana mama wa mtu.

Sauti ikikatika kesho, nitaanza upya kutoka juu.

Mimi rafiki yako, niliyekuandikia,
Zawadi