Kuni za Wambui

Mama,

Mvua imerudi Subukia. Nyumba inavuja pale pale ulipokuwa ukiweka sufuria, na sasa ni mimi ninayeiweka. Tangu tukuzike, homgadi, hao watu wetu waliopewa bunduki na serikali, wamezungusha seng'enge kwenye nyumba zote za wafanyakazi, na jua likianza kushuka kila mtu awe ndani. Ungewatukana. Ningekuvuta kanga unyamaze, nawe ungezidi.

Watu wananiuliza chinichini kama bado nasema vita hivi vya msituni ni vya haki. Wananiuliza mimi kwa kuwa wewe ndiwe uliyewafundisha kusema hivyo.

Mama, sijasahau. Mzungu wa shamba la juu alichoma vibanda vyetu kwa kuwa eti mbuzi wetu wamezidi. Tukalala nje kwenye mvua, na Wanjiru wetu mdogo akakohoa mgongoni pako hadi akanyamaza. Mzee wa kanisa alipokuja kutuhubiria kwamba auaye kwa upanga atakufa kwa upanga, ulisimama katikati ya ibada ukamwuliza, "Na anayeua kwa mvua je?" Nilitamani ardhi inimeze.

Kaka yangu Njoroge alipotaka kuingia msituni, wewe ndiwe uliyemfungia chakula. Ulisema, "Mtu akimkanyaga mtoto shingoni, huendi kwanza kuuliza kama kupigana ni dhambi." Niliamini. Bado naamini, Mama, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu hukuuawa na mzungu.

Tumekuta desturi kwamba mwanamke akijifungua, wenzake humpelekea kuni. Wambui alipojifungua hakwenda mtu, maana mumewe ni homgadi, na ndiye aliyewaonyesha askari njia ya msituni. Nilikusihi uache. Ulikuwa ukifunga mzigo huku ukinicheka. "Nyambura, mtoto wa juzi ana bunduki gani?" Basi ukaenda. Wewe uliyewapelekea wa msituni viazi miezi yote ile, walikuona ukielekea kwa homgadi wakasema unakwenda kuuza siri.

Tulikukuta kando ya mto. Mkanda wa mzigo ulikuwa bado umekushika kwenye kipaji cha uso. Kuni zilikuwa zimetapakaa matopeni, nami nikaanza kuziokota, moja moja, kama mjinga, kwa sababu sikuweza kukutazama shingo.

Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, alitaka nisimame barazani niseme magaidi wamemuua mama yangu. Ilikuwa kweli, lakini sikuisema. Ningeisema, wangeitumia kuchoma vibanda vya wengine. Wakaninyima kibali cha kwenda Nakuru, na sijali, sina ninachokitafuta huko.

Kisha Njoroge akaleta neno kwa mdomo wa mtu. "Mwambie Nyambura, mama alijitakia. Chakula kiendelee." Mama, mwanao huyo! Sijui kama alikuwapo kando ya mto. Naomba hakuwapo. Nililia kwa hasira, nikaapa hawatakula kiazi changu tena, wafe njaa huko huko na haki yao.

Lakini jana nilipita shamba la juu. Wamevunja vibanda vingine. Kuna mama amekaa juu ya godoro lake kando ya barabara, mtoto mgongoni, anakohoa. Nilijua kikohozi kile. Nikarudi nyumbani nikachemsha viazi.

Kesho nitavipeleka. Nikikamatwa ni kamba ya shingoni, najua. Na humo kikapuni, juu ya viazi, nitaweka kipande cha kuni, kimoja cha zile nilizookota, kingali na matope yake. Njoroge atakielewa. Alizaliwa wakati wa baridi, wewe mwenyewe ulitusimulia, na wanawake wa shamba zima walileta kuni hadi zikazidi mlango. Hawakuuliza baba yake ni nani wala yuko upande gani. Naye akaota moto, akaishi.

Zilizobaki nimekwisha kuzipeleka kwa Wambui. Aliogopa kufungua, nikaziacha mlangoni. Nilipokuwa naondoka nilisikia mtoto analia ndani, kwa sauti ya mtoto mwenye nguvu.

Lala, Mama. Nakuahidi chakula kitaendelea, na kuni pia zitaendelea. Watakaotaka kuniua kwa kimoja kati ya hivyo wanajua njia ninayopita. Ni ile ile yako.

Mwanao,
Nyambura