Kiti Ulichokipimia Nazi

Baba Saumu,

Assalamu alaikum. Najua salamu hii hainirudii, lakini nikiiacha nitakusikia ukisema mke wangu siku hizi anaingia bila hodi. Nakuandikia kwa ile penseli yako bapa, uliyokuwa ukiichomeka sikioni mpaka ukawa unalala nayo. Nimeichonga kwa kisu cha jikoni. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne ule ule, usinicheke. Nina mambo ya kukwambia na humu ndani hamna wa kumwambia. Mamako nikianza tu huanza kulia, ikabidi nimbembeleze yeye, na yangu yakabaki kifuani.

Mwanao amezaliwa. Mwanamume. Alikuja mwezi mzima kabla ya siku zake, mimi ningali eda, nimekaa ndani na pazia langu. Unajua ya mwenye mimba huisha siku anayojifungua. Basi watu wakanipa hongera mbili kwa mara moja, hongera ya mtoto na hongera ya kutoka eda. Nikalia, wakadhani ni uchungu wa uzazi. Si uchungu wa uzazi. Ile eda nilikuwa nimeizoea. Nikiwa ndani ya eda nilijiona bado nina kazi yako mkononi, kama unapokuwa Diani na mimi nakuwekea chakula. Ilipoisha wakafungua pazia, mwanga ukaingia, nikaona kitanda kilivyo kipana.

Alikuwa mdogo, Baba Saumu. Mapaja yake yalikuwa kama vidole vyangu gumba. Muuguzi akanifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nimfunge na leso, na nikakaa hivyo wiki kwa wiki kama niliyerudisha mimba kwa nje. Nilikuwa nikimwekea mkono puani kuona kama anapumua. Akipumua nangoja kidogo, namwekea tena.

Na jina wamempa lako. Ni mamako aliyesema, nani angembishia. Lakini fikiria mimi. Miaka kumi na moja sijawahi kulitamka jina lako. Ulikuwa Baba Saumu, na kabla ya Saumu ulikuwa "hebu sikia." Leo nalo niliite kutwa, mtoto akijikojolea nimgombeze kwalo? Nilishindwa. Nikawa namwita Bwana Mdogo. Mamako akiuliza kwa nini, namwambia ni mapenzi.

Sasa nije kwenye kiti.

Kilikuwa pale pale ulipokitundika, kwenye msumari juu ya mlango wa uani. Kila nikipita nilikuwa nakitazama kwa pembeni. Mwenzako Salimu, uliyekuwa ukitengeneza naye viti vya hoteli, alikuja nikiwa bado eda, akakaa barazani, akamtuma mamako ndani aniulize kama akichukue akakimalizie. Nikamwambia mama amjibu kwamba kimekwisha. Sikujua kama kimekwisha. Sikutaka mtu mwingine atie msumeno pale ulipotia wewe, basi.

Unakumbuka ulivyokuja nalo wazo hilo? Ulitoka Diani kukarabati vile viti vya wageni wanaoota jua, vyenye mguu wa nyuma unaoingia kwenye mikato, ukisogeza mbele mtu anakaa wima, ukirudisha nyuma analala. Ukaniambia, "Mtu mzima analipa atoke kwao aje kulala kwa mikato mitatu. Mwanangu ana kosa gani?" Mamako akasema mtoto hukaa mapajani, hajengewi kiti kama mgeni wa hoteli. Ukamwambia mapaja yana kazi ya kukaanga mahamri. Na ilikuwa kweli. Saumu alipokuwa mchanga nilimfunga mgongoni mbele ya karai, na siku ile tone la mafuta lilipomrukia sikioni hukulala wewe, sikulala mimi. Alama anayo mpaka leo. Ulisema huyu wa pili hatakaribia mafuta.

Ukapinda ule ufito kwa maji ya moto ukawa kama yai. Ukaushonea leso yangu ya zambarau bila kuniomba. Ukaukatia tyubu za baiskeli vipande vipande, ukaufunga kwenye fremu ya chini kwa hizo tyubu kama unavyofunga kamba za kitanda, vinne huku vinne huku, ili mtoto akipiga teke kiti kimrushe kidogo kidogo. Nyuma mguu, chini mikato mitatu. Kisha ukataka kukijaribu, na mtoto hatuna bado. Ukaenda uani ukarudi na nazi sita zilizofuliwa, ukazifunga kwenye kitambaa, ukaziweka kitini, ukasema Saumu alizaliwa mzito, huyu naye atakuwa hivyo. Ukamwita Mtoto wa Nazi. Saumu akamwimbia. Ukanionyesha, nikakanda unga huku nambembeza kwa kidole cha mguu. Wima, katikati, chini, zile nazi zikatulia tuli kama zimesomewa dua. Ukafurahi wewe. Kesho yake tukamkuna tukampikia mbaazi, na ukamwambia mamako mjukuu wake ni mtamu.

Siku kumi baadaye ukarudi unasema kichwa kinauma. Kabla ya magharibi umeshakuwa marehemu. Haya, tuyaache.

Baada ya arobaini ya mtoto nikarudi kwenye karai langu. Ilibidi. Nikashusha kiti, nikakifuta vumbi, nikakiweka chini kizingitini, mbali na moto lakini mahali ninapomwona. Nikamlaza Bwana Mdogo kwenye mkato wako wa katikati. Hakikumrusha. Kilikuwa kigumu kama ubao, kwa sababu zile tyubu ulizikazia nazi sita na yeye hajafika nazi nne. Nikasema si neno, almuradi amekaa.

Nikageuza mahamri. Nilipoinua macho kidevu chake kilikuwa kimeshuka kifuani. Nilidhani amelala. Kisha nikaona kimya chake si cha usingizi. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya leso.

Sijui nilifikaje. Karai nililipiga teke, mafuta yakamwagika uani. Nikamnyakua, kichwa kikarudi nyuma, akavuta pumzi kama mtu anayetoka majini, akalia. Nami nikakaa chini mavumbini, nikalia kuliko yeye. Nikamkimbiza hospitali na nguo za unga vile vile. Wakamtazama wakasema mzima, alhamdulillahi. Muuguzi wa kliniki akanieleza taratibu, hakunifokea. Akasema mtoto mchanga shingo yake haina nguvu, kichwa ndicho kizito kuliko vyote, akiketishwa wima kidevu kinaziba njia ya pumzi. Akasema alale karibu na bapa, afungwe mshipi, kiti kikae chini sakafuni, macho yangu yawe kwake, na akisinzia nimtoe nimlaze kitandani chali. Nikamwambia amekitengeneza babake. Akasema, "Mwambie babake akirudishe nyuma zaidi."

Nikasema nitamwambia. Ndiyo nakwambia.

Lakini siku ile sikukwambia kwa uzuri. Nilirudi nyumbani nikakigeuza kiti kikatazama ukutani, nyuma ya mlango, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilikukasirikia, Baba Saumu. Marehemu husemwa kwa mema, najua, na dua zako sikuziacha hata swala moja, lakini nikimaliza dua narudi kukukasirikia. Nilisema umeniachia watoto wawili na kitu cha kumuua mmoja. Nilisema maneno hayo kwa sauti, jikoni, peke yangu. Nisamehe. Siku nyingi sikukaanga kitu. Nilikaa na mtoto kifuani, naogopa kiti, naogopa kitanda, naogopa hata mikono yangu mwenyewe.

Mamako ndiye aliyenitoa. Alikuja na nazi zake za kukuna, akakaa mlangoni, akakiona kiti nyuma ya mlango. Akakitazama sana. Kisha akaichukua nazi moja akaigeuzageuza mkononi, akasema, "Wewe na mume wako mlikaa hapa siku nzima na vicheko vyenu mkimpima mtoto wa nazi. Nazi ina shingo?"

Nikamtazama. Akasema tena, "Nauliza. Ina shingo?"

Nikacheka, Baba Saumu. Ndiyo mara ya kwanza tangu uondoke. Nikacheka mpaka mtoto akashtuka. Maana nilikuona ulivyosimama na penseli sikioni, fundi mzima, unazipongeza nazi kwa kukaa vizuri, na mimi pembeni nakusifu. Sikuona. Nawe hukuona. Hasira ikanitoka palepale, ikaniachia upweke mtupu, maana mtu uliyemkasirikia ni kama bado yuko chumba cha pili.

Tukamtengeneza Mtoto wa Nazi upya. Mamako akasokota leso akampa shingo laini, nazi moja ikawa kichwa, kiwiliwili tukajaza unga kwenye mfuko mpaka mkono wangu ukasema ndio uzito wa Bwana Mdogo. Mkono wangu unaujua uzito ule. Nikapunguza tyubu, nikafungua mbili huku mbili huku, kiti kikaanza kucheza. Tukamweka kwenye mkato wako wa mbele, kichwa kikaanguka. Wa katikati, kikaanguka. Wa nyuma kabisa kikakaa, nikakirusha kiti kidogo kwa kidole cha mguu, nacho kichwa kikainama polepole. Mamako akaguna. Sikuwa na njia ila kukata mkato wa nne.

Niliushika msumeno wako mara tatu nikauweka chini mara tatu. Mamako alisema tumwite Salimu. Nikasema hapana, huyu Salimu hajui uzito wa mtoto. Nikapima vidole vitatu nyuma ya mkato wako wa mwisho, nikatia alama kwa penseli hii hii, nikakata. Upande wa kulia ulikuja mzuri. Wa kushoto nilikwenda kombo, mguu ukakaa upande kama mbuzi mwenye mwiba. Ungeniambia nini? Ungesema ndiyo kazi ya mtu anayekata mbao kama anayekata mhogo. Nikauchonga mpaka ukalingana. Mkato wangu ni mbaya, haufanani na yako, yako ni safi kama iliyokatwa kwa wembe. Lakini Mtoto wa Nazi kichwa chake kililala nyuma, na nilivyokirusha kiti, kichwa hakikuinama. Nikakirusha tena na tena, nadhani mara hamsini. Mamako akaenda kuswali akarudi akanikuta bado narusha nazi.

Mshipi nimeushona kwa ukingo wa kanzu yako ya Idi. Usinikasirikie, ilikuwa imechanika.

Leo baada ya alasiri ndiyo nimemweka. Nilikuwa nimekaa karibu yake hata ungesema namchungulia mwizi. Mkono ulitaka kwenda puani kila mara nikaukalia. Akatazama dari. Akatazama vidole vyake. Kisha akapiga teke moja, la kutojua, na kiti kikamrusha kidogo. Akashtuka. Akatulia, anafikiri, nakwambia anafikiri, na lile kunjo la katikati ya nyusi ni lako. Akapiga la pili kwa makusudi. Kiti kikamrusha. Akafungua kinywa kisicho na kitu ndani akacheka, na akaanza kujirusha mwenyewe mfululizo mpaka fremu ikawa inalia kwi kwi kwi, nami nikaogopa tyubu zitakatika, nikasema bila kufikiri, "Hamisi, taratibu."

Limetoka hivyo hivyo. Jina lako. Kinywa changu hakikuungua. Saumu aliyekuwa anafagia uani akasimama na ufagio akanitazama. Nikalisema tena, Hamisi, kumjaribu, na mwenye jina akanitazama mimi. Wewe, wa kwanza, hukugeuka. Nilingoja kidogo nione.

Sasa amesinzia nimemtoa nimemlaza chali kama nilivyoambiwa, na kiti kitupu kipo hapa miguuni pangu bado kinatikisika. Nakuandikia nikikitazama. Kesho nitakanda unga, nitaweka karai upande wa mbali, na yeye kizingitini. Bado nitamwekea mkono puani, hilo usinikataze.

Salimu amepita tena, ameniomba kupitia mama nimruhusu aizibe ile mikato yako mitatu kwa gundi na vumbi la mbao, asije mtu akasahau akamweka mtoto wima. Nimemkatalia. Nimeifunga kitambaa tu, kila mmoja. Kwa sababu hukukosea yote, ulikosea kwa haraka tu. Ulimkatia mtoto mwenye shingo, na shingo anakuja nayo.

Basi nakuahidi hivi. Shingo yake ikikaza, na muuguzi akiniambia sawa, nitafungua kitambaa cha kwanza, nimsogeze kutoka kwenye mkato wangu mbaya mpaka kwenye wako. Halafu wa pili. Siku atakapokaa kwenye ule wa mbele kabisa, wima, ananitazama usoni nikikaanga, nitamwambia hapo ndipo babako alipotaka ukae, alikuwekea mahali kabla hujaja.

Lala, Baba Saumu. Mungu akupe nafasi huko. Penseli narudisha kwenye kopo lako, nimeifupisha kidogo.

Mimi, mkeo,
Mama Saumu na Hamisi
Munje