Ukuta wa Kaskazini

Alhamisi, 15 Juni 1911

Nello amemuua Ruel Haskett! Fundi wangu Nello, Mtaliano, mwashi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Palepale kwenye benki tunayoijenga. Ruel, msimamizi wa vibarua, alimtemea mate, akamwita mbwa, kisha akamchapa beleshi mgongoni. Nello akageuka na nyundo mkononi. Pigo moja. Damu imerukia nguzo zangu mpya na imezama ndani ya jiwe. Tumesugua, haitoki.

Nello alikaa chini akilia. "Bosi, kaanza yeye. Si umeona, bosi?" Nimeona. Wamemtia pingu, wamempeleka jela ya kaunti. Jela niliyoichora mimi, ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yangu.

Ijumaa, 16 Juni

Ndugu zake Ruel wanakunywa tangu asubuhi, wanaapa kumtoa Nello jela wamnyonge wenyewe. Wamemvunja taya muuza matunda na duka wamelitia moto. Kosa lake? Mtaliano, basi.

Kinyozi kaniuliza, wembe uko kooni kwangu: "Eti Bwana Stroud, ile jela yako ni ya mawe au ya biskuti?" Watu wakaangua kicheko. Nikajibu kwa majivuno kwamba hata mzinga hauivunji. Mpumbavu mimi!

Maana ukuta wa kaskazini naujua. Palikuwa na mlango wa kuingizia makaa ya mawe, ukiniharibia sura ya jengo. Nikauziba: tofali safu moja, na juu yake vipande vyembamba vya mawe ili pafanane na kwingine. Kupendeza, panapendeza. Ila wanaume wenye boriti watapaangusha kabla jasho halijawatoka.

Jumamosi, 17 Juni

Sijalala. Jumatatu kaunti jirani inachagua msanifu wa mahakama yake — kazi niliyoililia maisha yangu yote. Nikitangaza kwamba jela yangu ina tundu, nani atanipa hata choo nijenge?

Mke wangu, Lenora, hakupepesa macho: "Nello amekula mezani kwangu. Ukimwacha anyongwe, mezani kwangu usikae tena." Nikamfokea. Nikapasua sahani ukutani. Halafu nikavaa kofia, nikaenda.

Nimemweleza Tillery, mkuu wa polisi, kila kitu. Uso ukamsawijika. Treni ya leo imeshaondoka. Atamhamisha Nello kwa ya kesho jioni. Naibu wake, Kessinger, alisimama mlangoni akimenya yai. "Asante, mzee," akasema. "Umefanya la maana."

Nimerudi mwepesi. Nimekula nyama ya nguruwe na maharage mpaka nikalegeza mkanda.

Jumapili, 18 Juni

Ibada imekwisha, na watu hawakwenda makwao! Barabara imejaa suti za Jumapili. Wanawake wamekuja na vikapu vya chakula. Mmoja wa akina Haskett amejizungushia kamba begani.

Tillery yuko mlango wa mbele na bunduki. Namwona kutoka dirishani. Hakuna anayemkaribia, hata kumtukana hawamtukani. Wanalizunguka jengo kuelekea kaskazini. Na anayewaongoza ni Kessinger, nyota ya polisi bado kifuani! Ananyoosha kidole palepale. Kikulacho ki nguoni mwako.

Boriti wameitoa kwenye benki yangu. Wamepiga. Mawe yanamwagika. Wamepiga tena — watoto wanashangilia. Tillery kakimbilia kule, wamemwangusha, wanamkanyaga. Nello anapiga kelele. Ananiita mimi. "Bosi! Bosi!"

Ukuta umelala.

Sasa wamekwama. Mlango wa chuma wa ndani umewashinda. Asante Mungu, huo nilikataa katakata kuupunguza unene.

Kessinger anavuka barabara na akina Haskett nyuma yake. Yuko kibarazani. Anabisha kwa adabu, kama mgeni wa chai.

"Mzee Stroud! Mlango wa ndani unafunguliwaje?"

Nimejibu kwa sauti: Sijui!

Wanacheka.

"Jana ulijua yote, mzee."

Lenora amepiga goti nyuma ya meza, bunduki ya kuwindia bata begani. Ananinong'oneza niache kuandika, nijitoe mbele yake. Kitasa kinazunguka —